Picha ya Mbele, Iliyopigwa kwa Mbali

Nianze na aibu yangu, maana majirani wameshaigawa mtaa mzima, na heri muipate kwangu ikiwa bado nzima. Miezi miwili iliyopita nilishika kamera yenye lenzi ndefu kama mchi mdogo. Uzito wake nausikia mkononi, kioo chake nakiona, kidole changu kimeacha alama juu yake. Kamera ikaniandikia kwenye skrini, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba haina lenzi. Nami nikaiamini.

Na sikuiamini kidogo, niliiamini kabisa. Niliibandua lenzi, nikachungulia ndani ya tundu la kamera kuona kama kuna nyingine iliyopaswa kuwemo. Nikairudisha. Bado haina. Katika kuhangaika nikavua kile kipande cha mpira kilichokaza kiuno cha lenzi, nikidhani ni pambo, na bomba lote likashuka lenyewe kama soksi iliyolegea, likagonga kizingiti cha dirisha. Ko. Baadaye nilijua kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimebonyeza kitufe fulani ili tu nijue kazi yake. Mpaka leo sikijui.

Lenzi ile ni ya Mwalimu, jirani yangu wa upande wa chini. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, alinifundisha hata mimi, na somo la mwanga na lenzi nililipita kwa alama ambazo mama yangu hakuwahi kuonyeshwa. Mkewe, ambaye sisi sote tunamwita Maman bila kuongeza kitu, ndiye aliyeniletea kamera, imefungwa ndani ya kitenge kama mkate wa moto. Mwalimu alikuwa amelala usingizi wa mchana, na Maman alijua kwamba akiamka huwa anakwenda kukaa uani. Akaniomba jambo moja: nimpige picha asijue.

Madaktari walikuwa wamesema moyo wa Mwalimu una kizibo kisichofunga vizuri, na kwamba lazima apasuliwe Kigali. Nyumba yao imejaa picha za watu wengine. Ya kwake hakuna, isipokuwa ile ya kitambulisho.

"Maman Rido," Maman akaniambia, "mi siseme kama atabakia kule. Mungu yuko. Lakini ikifika siku, sitaki batembee mbele yake na ile sura ya kitambulisho. Iko kama sura ya muntu balimukamata na kuku ya benyewe."

Maman Rido ndiyo mimi. Rido ni pazia. Nashona mapazia nyumbani, na siku nyingi nakaa nyuma yake pia. Safari yangu ya kila siku ni kutoka kitandani mpaka kwenye cherehani, na nikifika bombani najisikia nimesafiri. Jina hilo alinipa Mwalimu, na limeshika kuliko la ubatizo.

Siku ile nilirudisha kamera bila picha hata moja, na mpira nikaufunga pasipo mahali pake. Kabla jua halijazama Mwalimu alikuwa mlangoni kwangu, kamera mkononi.

"Nani alishika lensi yangu?"

"Ni mimi, Mwalimu. Maman aliniazima kidogo. Iliharibika. Kamera inasema lensi haiko."

"Weye uko na kilo muzima ya kioo mukononi, na unauliza mashini kama kioo iko?"

"Ndiyo ilivyosema."

"Ikisema Maman Rido haiko, utatoka kwa nyumba?" Akaketi bila kukaribishwa. "Na ulikuwa unapiga nini?"

Nikajibu neno la kwanza lililofika ulimini: "Ndege."

Ni jibu baya kuliko yote niliyoweza kutoa duniani, na inabidi nieleze kwa nini.

Huku kwetu mtu akizikwa, msalaba hutangulia, na karibu na msalaba hutembea mtu wa ukoo amebeba picha ya marehemu ndani ya fremu. Hiyo ndiyo tunayoiita picha ya mbele. Kuibeba si kazi; kazi ni kuipata. Ukimwambia mama yako wa miaka themanini avae vizuri kwa sababu mpiga picha anakuja, na hakuna harusi wala ubatizo wowote karibu, atajua mara moja mnachokingojea. Wapo wazee walionuna mwezi mzima. Yupo aliyekwenda kuishi kwa binti mwingine. Kwa hiyo watoto huogopa kuomba, siku inafika, na mtu aliyelea watoto tisa anapelekwa kaburini na uso wa kitambulisho uliokuzwa mpaka ukawa ukungu.

Mwalimu aliiona shida hiyo tangu bado anafundisha, akaipatia dawa, na dawa ni ile lenzi. Unamfuata baada ya misa. Mnaanza na mvua, mnapita kwenye bei ya vifaranga, halafu unasema polepole, ukiangalia pembeni: "Mwalimu, kwetu kuna ndege." Haulizi ndege gani. Anauliza njia, na saa ngapi ndege huyo anakaa nje. Siku ya siku anaonekana kilimani, mbali, mzee mmoja mwenye kofia na kamera, akielekeza lenzi kwenye miti. Wazee wa Nkanka wanamjua kwa jina la Papa wa Ndege, na wengine wanamsikitikia kwamba amesoma sana halafu akaishia kufuata mashomoro. Hawajui kwamba wakati wanamsikitikia, ameshawapata.

Basi mimi, mbele ya mtu huyo, niliulizwa nilikuwa napiga nini uani kwake, nikasema ndege.

Akavua kofia. "Ndege ya wapi?"

"Ya hapahapa tu."

"Hm," akasema. Kisha akaichukua kamera, akaingia ndani ya menyu, akaniita nisogee. "Ona hapa. Unaiambia: piga, ata kama hauone lensi. Ni mustari moja tu. Sema wewe sasa." Nikasema kama darasani. Nilishukuru Mungu kwamba hakuelewa, nikadhani ni ule ugonjwa wa walimu wastaafu, ambao hawawezi kumwacha mjinga apite bila kumfundisha.

Ule mstari wa menyu aliupenda kupita kiasi. Yeye, kama mimi na kama nusu ya mtaa huu, alikulia ng'ambo ya ziwa, Kongo, akarudi mtu mzima. Alikuwa akisema lenzi yake ni kama sisi tulipofika: ipo, inafanya kazi, watu wanaiona, lakini mashine inasema haipo mpaka mtu aguse mstari mmoja. Na kweli kamera haiandiki chochote juu yake. Ukifungua taarifa za picha, mahali pa jina la lenzi pana vistari tu, na mahali pa kipimo cha mwanga pana sifuri. "Inaingia bila karatasi," anasema, na anacheka peke yake, kila mara, kana kwamba ameifikiria leo.

Aliinunua soko la Kadutu, kule Bukavu, kwa mtu aliyekuwa anauza vyombo vya marehemu mjomba wake. Bei yake leo haitoshi kununua hata mfuniko. Ni lenzi ya zamani, ya kuvuta na kusukuma: ukisukuma, kilicho mbali kinakuja, ukiivuta, kinarudi kwao. Haijitafutii shabaha, mkono wako ndio unaotafuta. Ukiinamisha inateleza yenyewe, ndiyo maana ya ule mpira, ambao ni wa tyubu ya baiskeli. Kwa miaka ililala kabatini, kamera yake ya kwanza ilipokufa. Halafu binti yake wa Kigali akamtumia kamera ya kisasa, ndogo, imekuja na lenzi yake fupi inayofanya kila kitu. Mwalimu akaagiza pete ya chuma ya kuunganisha, akaipachika ile ya zamani. Ile fupi ameitia ndani ya soksi, ikae kwenye droo pamoja na miwani iliyovunjika.

Binti alipokuja likizo alikasirika. "Papa, hiyo ya mupya inatafuta sura peke yake."

"Ndiyo ubaya yake. Ikitafuta peke yake, mi nitafanya nini?"

Kwa macho yangu ya mshonaji, lenzi ile ina kasoro zote ambazo kitambaa kinaweza kuwa nazo. Unyevu wa ziwa umeiotesha ukungu ndani, kitu kama vinyuzi, na kila siku saa nne Mwalimu anaianika juu ya ukuta kama mtoto mchanga. Anasema ukungu ule ni poda ya bamaman, unapunguza mikunjo bila kudanganya. Shati jeupe likikaa mbele ya anga, pembeni yake kunatoka rangi ya zambarau. Bwana harusi mmoja alilalamika. Akajibiwa kwamba hiyo ni rangi ya maaskofu na wengine hulipa kuivaa. Jua likiingia mbele yake, picha yote inafifia. "Ukiifungua yote, inatoa maziwa," Mwalimu hufundisha juu ya pete ya kupitisha mwanga. "Ukifunga pete mpaka nane, inatoa maji. Batu ni ya kupiga na maji."

Kwenye skrini ya hiyo kamera mpya, kitu kikiwa wazi sawasawa, kingo zake zinaota vidoa vyekundu. Yeye huviita upele. "Ngoja upele itoke kwa kope. Ikitoka kwa pua, weye umepiga pua. Ikitoka kwa shati, weye ni mushonaji, rudi kwako." Baada ya siku ile ya ndege alinifundisha hayo kwa wiki kadhaa, jioni jioni, tukipiga mbuzi wa watu. Nina picha mia mbili za pembe zilizo wazi kabisa, na mbuzi asiyejulikana nyuma yake.

Neno lake kubwa ni "Sogea nyuma." Anaamini kwamba mtu akikaribiwa na kamera anavaa uso mwingine, na kwamba uso wa kweli unaanza hatua ishirini na kuendelea. Amelitumia neno hilo hata kwenye mambo ya ndoa: wenzi wawili wa mtaa huu walikuja kwake wakigombana, akawaweka kila mmoja mwisho wake wa uwanja na kuwaambia waongee kutoka pale. Walichoka kupaza sauti, wakaenda kula.

Ila mtu huyuhuyu wa umbali, ukikaa naye mezani, anakuja mpaka unaweza kuhesabu meno yake. Anashika mkono wako akiongea, anaondoa uzi kwenye bega lako, anaonja chai yako kuona kama sukari imetosha. Na mtu aliyelala kifudifudi kwa saa mbili juu ya majani ya chai kule Bweyeye, akingoja mzee mmoja aache kuangalia chini kwenye kikapu anachosuka, hana uvumilivu wa kungoja viazi vipoe. Kila siku anaunguza ulimi na kila siku anamlaumu Maman. Anachukia uongo wa nyuso, na maisha yake yote yanakwenda kwa uongo wa ndege. Nilimuuliza mara moja kuhusu hilo. Akasema ndege huwa wapo kwelikweli, ila yeye hana bahati nao.

Na hapigwi picha. Kwenye harusi, mtu akimwelekezea simu, anainua lenzi mbele ya uso kama anayekinga jua. Binti yake ana picha kumi na mbili za baba yake, na zote ni kofia, bomba jeusi na kidevu.

Hofu yangu kubwa ilitoka Nyakabuye. Miaka iliyopita alimpiga huko bibi mmoja akimenya mihogo, na kazi ilitoka vizuri sana. Halafu mtu wa nyumba ile akaropoka. Bibi alipojua kwamba watoto wake wameagiza picha ya mbele, alifunga mdomo, hakula siku mbili. Mwalimu alipopata habari alipanda gari la Bugarama, linalopita huko, asubuhi ileile, na picha mkononi, akapiga magoti uani. Bibi akaiangalia sana. Kisha akamuuliza kwa nini amempiga upande wa jino lililovunjika. Ilibidi apige nyingine, karibu, bibi akiwa amevaa na kukaza shingo, na haikufaa kitu. Ya mihogo ndiyo imetundikwa sebuleni mpaka leo, na mwenyewe bado yu hai anawaonyesha wageni. Watu wanaisimulia kama kichekesho. Mwalimu haisimulii. Aliporudi alikaa wiki nzima bila kuianika lenzi, na kitu pekee alichoniambia ni hiki: "Nilimuibia siku mbili ya kula."

Sasa fikiria mwenye moyo mbovu ndiye Mwalimu mwenyewe, na aliyeagiza ni mke aliyeishi naye miaka arobaini. Maman alikuwa haogopi operesheni kama alivyoogopa kwamba mumewe angejua ameshamwandalia fremu. Akijua, je, angepanda gari kwenda Kigali? Na bila picha, je, Maman angelala? Kati ya hofu hizo mbili walinisimamisha mimi, mtu ambaye kamera humdanganya mchana kweupe.

Wiki zikaisha. Kila nilipokuwa tayari, yeye yuko na wageni, au amegeuka, au mvua. Safari ilikuwa Jumatatu. Ijumaa akaja kwangu, amebeba kamera shingoni.

"Maman Rido, nishonee mufuko ya lensi. Utie pamba ndani. Mi naenda kuwa mbali, sitaki ikule vumbi."

"Nipime sasa hivi?"

"Pima pole pole. Kaa nayo mpaka kesho jioni." Alipofika mlangoni akageuka. "Betri imejaa."

Nilimwona Maman kupitia dirisha, nikamwonyesha kidole gumba. Tukafurahi kama wezi waliokuta mlango wazi.

Nyumba yangu iko juu kidogo kuliko yao, kwa hiyo dirisha la kazi linaangalia uani kwao, ukuta, na nyuma yake ziwa na vilima vya Bukavu. Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi jua lilikuwa limeinama vizuri, linapiga kwa ubavu. Mwalimu akatoka. Alikuwa amevaa sweta lake la bluu la kila siku, lililotoboka kiwiko. Akavuta kigoda mpaka karibu na ukuta, akaketi, akaweka ungo wa maharage magotini, akaanza kuchambua.

Niliegemeza viwiko juu ya meza ya cherehani. Nikapenyeza lenzi kati ya mapazia mawili ya mteja. Mpira wa tyubu ulikuwa umefungwa mahali ambapo sikuhitaji kuusogeza hata kidogo. Alikuwa amejaa kwenye skrini, kutoka kichwani mpaka miguuni. Pete ilikuwa kwenye nane. Nikazungusha bomba la lenzi kwa vidole viwili, upele ukatoka kwenye ukuta, ukahamia sikioni, ukapita, ukarudi, ukatulia kwenye kope. Nikatoa pumzi, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Yeye anachambua tu, polepole, hainui kichwa isipokuwa mara moja moja, kuangalia ziwa, na anakaa hivyo muda mrefu kabla hajarudi kwenye ungo.

Nilipiga arobaini na moja. Saba zilikuwa na sikio zuri sana. Nne zilikuwa na macho.

Katika hizo nne kuna moja. Ameinua uso upande wa ziwa, nuru imekaa shavuni, mdomo umefunguka kidogo, ule mdomo wa mtu anayetaka kukusahihisha. Ukungu wa lenzi umelainisha paji la uso bila kufuta kitu. Pembeni mwa bega kuna ule uzi wa zambarau. Ni yeye kabisa, mpaka nilipoiona nilikaa wima kama ameniuliza swali.

Alipoingia ndani kunywa dawa na kulala, nilishuka mbio, mimi nisiyeshuka kwa sababu yoyote, nikamkuta Maman kwenye ukuta wa nyuma. Alikuwa na Maman Sambaza, anayeuza samaki wadogo wa ziwa na kuvuka mpaka kila asubuhi, mtu anayesema alichokiona kabla hajakifikiria. Alikuwa anatupimia sambaza, na ile siri aliijua siku nyingi. Maman alifuta mikono, akaiangalia picha. Machozi yakamtoka kidogo, halafu akacheka, akasema, "Anataka kuniambia chai haina sukari." Akaishika kamera kifuani. Kesho yake angeituma kwa binti, fremu ingeandaliwa, na ikipenda Mungu ingekaa kabatini miaka ishirini.

Ninaandika haya nikingoja simu ya Kigali. Jana alipiga mwenyewe, kabla hajaingizwa, kulalamika kwamba dirisha la wodi limekaa vibaya na sura za wagonjwa wote ziko kwenye kivuli. Sikumwambia chochote, naye hakuuliza. Lakini siku ile ukutani mimi nilikuwa na maneno mengi. Nilisema nimemvizia mviziaji. Nilisema mwanafunzi wa alama zile amempita mwalimu wake, na kwamba muda wote wa picha arobaini na moja mzee hakunishtukia hata kidogo.

Maman Sambaza aliipokea kamera, akaikuza ile picha kwa kidole chenye magamba ya samaki, akaishusha mpaka kwenye ungo na miguuni, akaichunguza kama anavyochunguza mzigo wa asubuhi. Kisha akanirudishia.

"Maman Rido, ulisoma mpaka sekonderi na hauone: muzee anatupa maharagi ya muzuri chini, ya kuoza anarudisha kwa ungo. Hakuwa anachambua kitu, alikuwa anakungojea tu umalize."